Ukiisubiri albamu ya muziki wa filamu, anza kusikiliza leo

Filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings niliiona mwaka 2004 kwenye kibanda umiza kimoja pale Majengo, Moshi. Ilikuwa imetafsiriwa. Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale anajua maana yake: mtafsiri anazungumza mwanzo hadi mwisho, na kila akifungua mdomo muziki unashushwa hadi unakuwa kama redio ya nyumba ya tatu. Kila mhusika nilimjua, tena kwa jina alilopewa na mtafsiri, ila muziki sikuusikia. Isipokuwa sehemu moja. Yule mzee mchawi alipoanguka shimoni, mtafsiri naye alinyamaza. Kelele za vita zikapotea, wenzake wakatoka nje ya pango wakilia, na sauti za waimbaji zikabaki peke yake.

Nilikuwa na miaka 14 na ndiyo kwanza nimeanza kupiga tarumbeta usharikani. Kwetu mlimani hilo si jambo geni. Ukipita Marangu au Machame Jumapili asubuhi unaweza kuyasikia matarumbeta kabla hujaliona kanisa. Ni desturi tuliyoirithi tangu enzi za wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Kwa hiyo sikio langu lilikuwa limeshaanza kuzoea sauti nne zikiingiliana. Lakini sikuwahi kusikia kwaya ikiomboleza vile, bila mtu mmoja kusema neno ninalolielewa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba nyimbo nyingi za kwaya kwenye filamu zile zimeimbwa kwa lugha alizozitunga J.R.R. Tolkien mwenyewe, mwandishi wa hadithi ile, na kwamba kule ndani ya lile pango, ambalo ni mgodi, wanaume wale wa besi wanaimba lugha ya mbilikimo, Khuzdul.

Tangu hapo nimeisubiri albamu baada ya albamu. Sasa vijana wa bendi yetu wameanza ugonjwa uleule. Wakiona kionjo, yaani trela, cha filamu mpya ya majoka na falme wananijia baada ya mazoezi: kaka, albamu inatoka lini, tutaipata wapi, tufanyeje? Nimejibu mara nyingi kwa vipande vipande, leo nakaa nijibu kwa urefu.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: usikae tu kuhesabu siku. Kama filamu inayokuja ni mwendelezo, au mtunzi wake amewahi kuandika muziki wa filamu nyingine, yasikilize yaliyotangulia sasa, kwa utaratibu, mpaka uyajue kama unavyoijua pambio. Howard Shore, aliyeandika muziki wa filamu zile tatu za 2001, 2002 na 2003, alijenga nyimbo fupi za utambulisho zaidi ya 80. Kila taifa lina wake, na ile pete yenyewe ina wake. Wimbo ukirudi unarudi na habari mpya. Mtu anayeanza kusikiliza siku albamu inapotoka atasikia muziki mzuri, basi. Aliyejiandaa atasikia habari.

Chukua mfano wa wimbo wa wale wasafiri tisa wanaosafiri na ile pete, yule mzee mchawi akiwa mmoja wao. Mwanzoni unausikia kwa vipande, kana kwamba unajikusanya, maana kundi lenyewe bado halijatimia. Wote tisa wakishapatikana, vyombo vya shaba vinaupiga kwa ukamilifu, kifua mbele. Kisha mzee akianguka, wimbo nao unavunjika. Kuanzia hapo unaupata umepungua, umechoka, unapigwa taratibu. Hakuna aliyekuambia kwamba kundi limevunjika, sikio lako limeshajua. Mimi niliugundua mwendo huo baada ya kuurudia wiki nzima, kila jioni dakika ishirini, daftari mkononi, nikiandika solfa, zile noti za do, re, mi. Kuandika solfa kunalazimisha sikio lisidanganye. Ukishindwa kuandika noti ya nne, maana yake hukuisikia.

Au msikilize yule mchawi msaliti na kiwanda chake cha vita. Muziki wake unakwenda kwa mapigo matano. Nyimbo zetu za kanisani karibu zote ni mapigo matatu au manne, na ndugu yangu wewe jaribu kutembea kwa mapigo matano uone: mguu unaangukia pabaya kila mara. Ndiyo maana jeshi lile linatisha hata ukifumba macho. Na wale watu wa farasi wana fidla ya Norway, ile ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa kuna nyuzi nyingine zinazotetemeka zenyewe. Nilipolijua hilo nikarudi kusikiliza, na kweli nikausikia ule mvumo wa chini ambao awali niliudhani ni ubovu wa spika.

Sasa nieleze nilivyoumia, ili wewe usiumie.

Desemba 2011 kilitoka kionjo cha kwanza cha The Hobbit, filamu nyingine ya hadithi za Tolkien, muziki wake pia wa Shore. Ndani yake mbilikimo wamekaa gizani wanaimba kwa sauti nzito, polepole, juu ya nyumba waliyonyang'anywa. Nilikitazama kwenye kompyuta ya intaneti kafe hadi muda wangu ukaisha, nikalipia tena. Filamu ilikuwa ya mwaka mmoja mbele, Desemba 2012. Mwaka mzima wa kusubiri. Kiasi cha mwezi mmoja kabla ya albamu kutoka, duka moja la kurekodi nyimbo mjini likaniambia wanayo. Nilifurahi mno, sikuuliza imetoka wapi. Nikalipa, nikapewa kwenye flashi, jina la albamu limeandikwa vizuri kabisa.

Kulikuwa na kipande kimoja humo cha shaba tupu, kizito, kinapanda kama mtu anayekwea mlima. Nikakiandika solfa, nikakigawa sauti nne, nikawapelekea wenzangu. Tulikifanyia mazoezi jioni tatu. Mwalimu wetu akasikiliza, akauliza, "Kijana wangu, huu umeutoa wapi?" Nikajibu kwa uhakika wote. Albamu halisi ilipotoka tarehe 11 Desemba 2012 nikaitafuta, nikaisikiliza yote. Kile kipande hakikuwemo. Hakikuwa hata cha Shore. Lile faili lilikuwa mkusanyiko wa muziki wa vionjo na filamu nyingine, umebandikwa jina.

Nilirudi kwa Mwalimu kumweleza. Hakunigombeza. Alisema tu tukifute kwenye daftari, kwa sababu hatuwezi kupiga wimbo tusiojua ni wa nani. Neno hilo limekaa nami.

Kwa hiyo, muziki wa kwenye kionjo usiuamini. Mara nyingi huandaliwa na watu wengine kabisa, wanaofanya kazi ya vionjo tu, na mtunzi wa filamu huenda hajamaliza hata nusu ya kazi yake. Safari ile bahati ilikuwepo, kwa sababu wimbo wa mbilikimo uliingia kweli kwenye filamu na kwenye albamu. Mara nyingine unachokipenda kwenye kionjo hutakisikia tena popote. Na faili linaloletwa kabla ya siku yake ama si lenyewe, ama limeibwa. Katika yote mawili humtendei haki mtu aliyekaa mwaka akiandika.

Kingine kinachowavunja moyo wengi ni pale albamu inapokuwa fupi, au tofauti na walichosikia ukumbini. Tulieni. Albamu ya filamu ile ya 2001 ilitoka tarehe 20 Novemba, karibu mwezi mzima kabla ya filamu, na ina kama dakika 71. Muziki wote wa filamu hiyo ulitolewa baadaye, mwaka 2005, ukiwa na takriban saa tatu. Yaani ile ya kwanza ilikuwa chini ya nusu! Albamu inapaswa kufungwa mapema ili iandaliwe, wakati wahariri wa filamu bado wanakata na kuunganisha, pengine hadi wiki za mwisho. Tukio likifupishwa, muziki unafupishwa, au unatolewa, au unaletwa mwingine. Albamu imeshafungwa, haijui. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Hobbit: baadhi ya vipande vya albamu havilingani na ulichokisikia kwenye filamu. Mwanzoni niliona kama nimepunjwa. Sasa naona tofauti kabisa, kwa sababu pale unapata wazo la mtunzi kabla halijaguswa na mkasi. Nilipanda Coaster hadi Arusha kuiangalia filamu ukumbini huku nimeshaijua albamu, na palipobadilishwa nilipatambua papo hapo.

Majina ya vipande yasome baada ya filamu. Hili nalisisitiza kwa wanaopenda kushangazwa. Mwaka 1999 albamu ya Star Wars: The Phantom Menace ilitoka tarehe 4 Mei, filamu ikaanza Marekani tarehe 19 Mei, na kipande kimoja kilikuwa kimetaja kwenye jina lake mazishi ya mmoja wa wahusika wakuu. Mashabiki walioigeuza kasha kusoma orodha walimaliza hadithi kabla hawajanunua tiketi. Simuni ni vigumu zaidi kwa sababu orodha inakuja yenyewe mbele ya macho. Mimi humwomba mdogo wangu aifungue albamu, abonyeze kipande cha kwanza, kisha anipe simu imezimwa kioo.

Kuhusu siku na saa. Tangu tarehe 10 Julai 2015 albamu duniani kwa kawaida hutoka Ijumaa, na sehemu nyingi za kusikiliza mtandaoni hufungua saa sita usiku kwa saa za nchi ulipo. Lakini kama tangazo limetaja saa sita usiku ya New York, usikeshe bure. Kule kukiwa majira ya baridi, hiyo kwetu ni saa mbili asubuhi. Kukiwa joto, saa moja asubuhi. Nimewahi kukaa macho hadi alfajiri nikibonyeza upya kila dakika, kesho yake kazini sikufaa kitu.

Bando nalo lipigie hesabu mapema. Dakika 71 kwa ubora wa kbps 320 ni kama MB 170. Zile saa tatu ni zaidi ya MB 430. Pakua kwanza, sikiliza baadaye. Muziki wa okestra hauvumilii kukatika katikati. Kipande kinaweza kuanza kwa filimbi moja ndogo na kuchukua dakika tano kufika kileleni, sasa mtandao ukigoma dakika ya nne umepoteza kila kitu. Na tafadhali usitumie spika ya simu. Besi zote za mgodini mle zinapotea, unabaki na kelele za juu. Hedifoni za kawaida, hata za bei ya chini zinazoziba sikio vizuri, zinatosha.

Mara ya kwanza isikilize yote, kwa mpangilio, umekaa. Usipike, usipige pasi. Vipande vimepangwa kwa kufuatana kwa sababu maalumu, na kuruka hadi kwenye wimbo wa mwisho wenye mwimbaji maarufu ni kama kufika msibani wakati watu wanakunja maturubai. Ule wimbo wa mwisho karibu kila mara umebeba kitu kilichopandwa mapema. Usubiri ukujie wenyewe. Mara ya pili ndipo uchukue daftari.

Mwaka huu nimejifunza jambo jingine, kwamba nisisikilize peke yangu. Juzi Ijumaa jioni, baada ya mazoezi, nilimwomba Mwalimu abaki kidogo. Ana miaka zaidi ya 70 sasa na filamu hizi hajawahi kuziona hata moja. Nikamwekea ile albamu ya 2001 kwenye spika ya kanisa, sikumweleza hadithi. Alikaa kimya, mikono imeshika fimbo. Wale wasafiri walipoanza safari na shaba zikapiga kwa ukamilifu, akainua kidole kimoja na kuanza kuhesabu mapigo. Mzee mchawi alipoanguka na kwaya ikabaki, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

Nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akavaa miwani, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. "Rudisha pale kidogo," akasema. "Ile sauti ya pili nimeikosa."