Nyota baridi kuliko barafu ya samaki

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nauza samaki hapa Kisumu. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema kuna darubini ya Wamarekani iliyoona nyota baridi kuliko barafu ninayofunikia mbuta. Nimemkatalia. Nyota ni moto, na ikiwa baridi itaonekanaje?
Mama Atieno, Kibuye

JIBU: Mama Atieno, mwamini binti.

Nikiwa mdogo kule Bungoma nilishika pasi ya makaa ya mama. Haikuwa na wekundu wowote, nikadhani imepoa. Kovu lingali kiganjani. Pasi ile ilikuwa ikitoa nuru ya infraredi, ambayo jicho haliioni ila ngozi huihisi. Kila kitu huitoa kulingana na joto lake. Hata barafu yako inaitoa, ingawa ni hafifu mno kwa ngozi.

Darubini yenyewe iliitwa WISE. NASA iliirusha Desemba 2009, kioo chake sentimita 40 tu, ikapiga picha anga zima kwa infraredi. Hapa Kisumu isingefaa: mvuke wa hewani humeza sehemu kubwa ya nuru hiyo, na mabati, ardhi, hata mwili wa mtazamaji huitoa. Huko juu nako, darubini yenye joto ingejiona yenyewe! Basi mafundi wakaitia ndani ya kitu mfano wa chupa ya chai, chenye hidrojeni iliyoganda, wakaipoza hadi chini ya nyuzi 250 chini ya sifuri. Kila nikiwaza kazi ile napata furaha. Hidrojeni iliisha mwaka 2010, lakini vihisi viwili kati ya vinne viliendelea kuona. Baada ya kuzimwa kwa muda, iliamshwa 2013 ikatafuta asteroidi, yaani miamba ya angani, na nyota mkia hadi 2024.

Katika picha zake, mtaalamu wa nyota Kevin Luhman aliona kidoa kinachohama upesi. Mwaka 2014 akatangaza: kiko miaka 7 na kitu ya nuru kutoka kwetu, yaani umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka hiyo, na joto lake ni kati ya nyuzi 48 na 13 chini ya sifuri. Barafu yako ikianza kuyeyuka iko sifuri. Kando ya kitu hicho, barafu ya mbuta ina joto.

Ila nimsahihishe binti kidogo. Hiyo si nyota kamili, ni kibete kahawia, chenye uzito mara 3 hadi 10 ya sayari kubwa Jupita. Ukitia makaa mawili matatu jikoni hayashiki. Nacho kilipungukiwa uzito, kiini hakikuwaka. Joto lililobaki ni la tangu kilipojikusanya.

Mwezi Machi, kati ya saa tatu na saa nne usiku, tokeni nje. Kiko kwenye kundi la nyota liitwalo Hydra, karibu na utosi, kusini kidogo. Hamtakiona kwa macho, lakini binti anaweza kukuonyesha kwa kidole kilipo.