Neno «glacé» kwenye mapishi ya keki

Umeuliza kama «matunda glacé» ni matunda yaliyogandishwa. Hapana, usiyatie kwenye friza! Neno ni la Kifaransa, limetokana na glace, yaani barafu, na asili yake ni Kilatini, glacies. Kinachofananishwa ni mng'ao tu: sukari ikikauka juu ya tunda hung'aa kama barafu. Ila sukari haiishii juu. Tunda huloweshwa kwenye shira, na shira yenyewe huongezwa uzito siku hadi siku, mpaka sukari ichukue nafasi ya maji yaliyomo ndani. Ndiyo maana haliozi upesi. Yakiwa yananata, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu, yakaushe vizuri, kisha yapake unga kidogo yasizame chini ya keki.