Fasihi ya Kale Chuo Kikuu: Isome, Lakini Pangia Kazi Mapema

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, vijana wa hapa Mombasa hunipigia simu. Wanapenda Kiarabu na tungo za kale za Kiswahili, ila nyumbani wanaulizwa watakula nini. Mzazi ana haki ya kuuliza. Mimi nilisoma fani hii na ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nasema: soma, mdogo wangu, lakini iambatanishe na ujuzi unaolipwa tangu mwaka wa kwanza.

Ualimu kwanza. TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe alipata angalau C+ kwa kila moja kwenye KCSE. Kiswahili na Kiarabu yote hutahiniwa huko. Ukichukua digrii ya fasihi tupu, kisha ukataka kufundisha, utarudi darasani kutafuta diploma ya ualimu na kulipa karo upya. Amua kabla ya kujaza fomu.

Lakini ujuzi ambao ningekusihi uushike kwa mikono miwili ni kusoma maandishi ya kale, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, uliandikwa hivyo. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, zingepotea kama Mwalimu Sikujua asingezikusanya. Diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940, takriban miaka mia baada ya kufa kwake. Na kuzisoma si mchezo. Katika hati nyingi herufi be hubeba sauti za b, p na mb. Ukikuta be na te, zote zina irabu a, je, ni bata, pata au mbata? Mizani haikuokoi, maana yote yana silabi mbili. Utaamua kwa maana ya ubeti na kwa kuijua lahaja, na hilo huja kwa kusoma kurasa nyingi pamoja na mzee anayejua.

Ujuzi huo una wateja. Kuna familia zenye hati za wakfu na mirathi kwenye masanduku, mawakili wenye kesi za viwanja vya zamani, na watafiti wanaokuja na miswada wasioweza kuisoma. Kazi hizi haziji kila mwezi, basi usiache mshahara kwa ajili yake. Patana bei kwa ukurasa kabla hujaanza. Karatasi ya watu usiondoke nayo: ipige picha kwa idhini yao, na uwaachie nakala ya usomaji wako.

Tafsiri nayo inalipa, mradi Kiingereza chako kiwe imara. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi 2022, nami nilifurahi sana, ila riziki ya kila siku ya mfasiri iko kwenye fomu za afya, mikataba na ripoti za mashirika.

Unapochagua chuo, waulize idarani nani anafundisha kusoma miswada, na kama wanafunzi huishika wenyewe. SOAS, chuo kikuu cha London, wameweka miswada mingi ya Kiswahili kwenye intaneti. Anza nayo likizo hii. Na muda wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ukifika, peleka barua makumbusho ya Fort Jesus mapema, kabla nafasi hazijajaa.