Mwalimu wa kisiwani, jiandalie mwaka wa kwanza wa kustaafu

Mwalimu akitimiza miaka 60 mshahara hukatika, lakini pensheni haianzi mwezi unaofuata. Hapo katikati pana kipindi ambacho hakuna anayeweza kukwambia kitakuwa kirefu kiasi gani. Wenzangu wengi niliofundisha nao huku Kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, Kenya, walitaabikia hapo. Mimi niliwaona wakubwa zangu wakihangaika, nikajiandaa mapema. Kwa hivyo namwandikia mwenzangu aliyebakisha miaka mitano, miwili au hata mmoja, awe Siyu, Faza, Kizingitini au Kiunga, popote ambapo kwenda ofisini ni mpaka upande boti.

Anza na makaratasi. Usingoje barua ya kustaafu. Faili la pensheni hutayarishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, kisha hupelekwa Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Taifa, Nairobi. Likikosa karatasi moja linarudi, na likirudi unaanza kungoja upya. Karatasi inayosumbua zaidi ni barua ya kuajiriwa mara ya kwanza, maana ndiyo inayoonyesha utumishi wako ulianza lini. Aliyeajiriwa miaka ya themanini aliitia barua hiyo sandukuni, na sanduku limeshahama nyumba mara kadhaa. Hewa ya chumvi na mchwa wa huku kwetu havihurumii karatasi. Itafute wiki hii. Uipate, uitolee nakala, uiweke pamoja na barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara, kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yako ya kodi.

Halafu liko suala la jina. Sijui jambo lililowakwamisha walimu wa Lamu kuliko hili. Cheti cha chuo kimeandikwa Mohamed, kitambulisho Muhamad, hati ya mshahara Mohammed. Mwingine ni Athman nyumbani na Othman kwenye cheti cha darasa la saba. Mwingine aliandikishwa shule kwa jina la baba na babu, kitambulisho kikaja na jina la ukoo. Kijijini sote twajua kwamba ni mtu mmoja, lakini anayekagua faili Nairobi mbele yake ana watu watatu. Tandika karatasi zako zote mkekani, moja kando ya nyingine, usome jina lako herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda Lamu mjini ukale kiapo kwa maandishi kwamba majina yote hayo ni yako, na ufanye hivyo ungali kazini. Boti zetu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki maji yakipwa, kwa hivyo shughuli ya nusu saa hula siku nzima na pengine ukalala huko. Mwenye mshahara huilipa nauli hiyo akasahau. Asiye na mshahara wala pensheni ataihesabu kila shilingi.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu nimeona walimu wa hisabati wanaostaafu bila kuifanya. Nazungumzia mpango wa zamani wa pensheni. Mpango mpya wa kuchangia ulianza Januari 2021, na aliyekuwa chini ya miaka 45 wakati huo aliingizwa humo. Yeye hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali humwekea asilimia 15. Kwa sisi wa zamani, chukua miezi uliyotumikia, gawanya kwa 480, kisha zidisha kwa mshahara wako wa msingi wa mwaka mzima. Tuseme mwalimu ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa msingi wa mwisho ni shilingi 48,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 576,000. Pensheni yake ni 432,000 kwa mwaka. Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, robo hiyo ya 108,000 huzidishwa mara 20, naye hupata 2,160,000, ndicho kiinua mgongo chake. Zinazobaki ni 324,000 kwa mwaka, yaani 27,000 kila mwezi.

Humo hamna posho ya nyumba, wala hamna posho ya mazingira magumu. Mwalimu wa Lamu ameishi na posho hiyo ya pili miaka mingi, ameshaizoea kama sehemu ya mshahara, na siku ya kustaafu inaondoka yote. Mimi na mwenzangu nyumbani tulikubaliana kwamba miaka ya mwisho tutakula kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho tukawa tunaweka akiba katika chama cha ushirika. Mikopo nayo niliimaliza kabla ya kustaafu. Faili langu lilikaa katika ofisi moja muda mrefu kupita nilivyoambiwa, na nilipofunga safari kwenda kuuliza sikupewa sababu ya maana. Niliumia moyoni, na mpaka leo naona si haki mtu aliyetumikia umri wake wote kufanyiwa hivyo. Lakini tulikula, na sikukopa kwa mtu. Kama huna akiba ya kukulisha mwaka mzima, hilo ndilo deni lako la kwanza kabla ya kuezeka paa au kumwoza mtoto.

Kiinua mgongo nacho huwa kina wenyewe kabla hakijafika. Kijana wa ndugu yangu alinijia na mpango wa mashua. "Ami, weye toa pesa tu, bahari twaijua sisi." Nikamwuliza, kusi likivuma mtalipa na nini? Maana kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi bahari ya nje huchafuka, vyombo vidogo vikabaki bandarini, na mshahara wa baharia, mashine na nyavu vyote vyataka pesa. Kijana akanyamaza, akasema atarudi. Sisemi chombo hakina faida. Mvuvi anayekwenda na chombo chake mwenyewe hula nacho. Lakini mtu wa chaki, aliyezoea pesa ya mwisho wa mwezi, akimkabidhi nahodha milioni moja kisha akakaa barazani kungoja hesabu, atagombana na jamaa zake wa damu. Nimeona ndugu waliotoka msikiti mmoja wakawa hawasalimiani kwa ajili ya mashine ya boti.

Maoni yangu ni kwamba mstaafu wa kisiwani apunguze kwanza kinachotoka, kabla ya kutafuta kingine cha kuingia. Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye paa la bati, mifereji ya kukinga mvua na tangi kubwa. Visima vya huku vingi vina maji ya chumvi, na nyumba ya watu wengi ikinunua maji ya mitungi, pensheni yapungua kila wiki bila wewe kuona. Tangu tangi lijae mvua ya masika, hapo pamepumua. Minazi michache niliyorithi naipalilia mwenyewe asubuhi. Si biashara kubwa, lakini nazi ya kupikia hatununui.

Kuna wanaopiga simu. Wanakutaja jina, wanajua ulistaafu lini, wanasema faili lako liko mezani kwao, tuma kidogo lisukumwe. Usitume hata shilingi moja. Na bima ya matibabu ya walimu huisha na utumishi, kwa hivyo jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, wewe na familia yako mapema, kabla hujamchukua mgonjwa kwa boti usiku.

Sasa nije kwa watu. Utaacha shule, lakini fomu hazitakuacha. Za basari, za kitambulisho, barua za shamba, ujumbe wa simu ambao mwenyewe hakuuelewa. "Masalkheri, mwalimu. Fomu ya huyu mtoto yafungwa kesho." Mama amesimama mlangoni na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na mtoto nyuma yake anaangalia chini. Huwezi kumrudisha, wala sikushauri umrudishe. Ila weka siku. Mimi ni Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri, na mtaa mzima sasa wajua. Kabla ya kuweka siku, watu walikuja mpaka wakati wa chakula, na mke wangu ndiye aliyebeba mzigo wa kuwapikia chai.

Siku hizo hizo nawasomesha watoto wachache wa darasa la nne ambao bado hawajui kusoma. Hawalipi kitu. Darasani nilikuwa na watoto wengi hivi kwamba aliyenyamaza nyuma nilimpita. Barazani ni sita, na kila mmoja anasoma kwa sauti mpaka nimsikie. Hakuna kazi niliyoifanya kwa raha kama hii, na kama afya yako yakuruhusu, ifanye.

La mwisho linahusu mkeo. Ukifa ukiwa unapokea pensheni, sheria inawapa wanaokutegemea malipo kwa miaka 5, lakini ni lazima wathibitishe kwamba ni wako. Wengi wetu tuliozwa kwa shehe wa mtaa, khutba ikasomwa, halua ikaliwa, cheti hakikuchukuliwa. Andikisheni ndoa kwa Kadhi, na mwenye wake wawili achukue vyeti viwili. Watoto nao wawe na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina lako lililo sawa na la kitambulisho. Mkeo ajue faili liko wapi, na nakala nyingine ikae kwa mtoto anayeishi mjini. Sisi mashahidi wetu wa ndoa walikuwa wamebaki wawili, wote wazee, na mmoja hakuweza kupanda boti bila kushikwa. Kama wenu wangali hai, wapelekeni kwa Kadhi kabla kusi halijaanza.