Wawili ndani ya RV: mambo ya kujua kabla ya kuivuka Marekani

Kama mmekubaliana kuivuka Marekani kwa RV, yaani gari-nyumba lenye vitanda, jiko na choo ndani, wiki ya kwanza msiende mbali. Kodini nafasi kwenye kambi ya magari haya, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, mlale humo siku tatu nne, mpike, muoge, mmwage maji machafu. Cha kugoma kitagoma hapo, fundi akiwa karibu, si katikati ya Kansas ambako barabara kuu ya I-70 imenyooka na mashamba pande zote.

Umeme ndio huwashtua wageni. Gari la ampea 30 linapokea wati 3,600 basi. Washa kiyoyozi, maikrowevu na birika la umeme kwa pamoja, swichi kuu inakata. Chai chemsheni kwa gesi.

Matangi ni matatu: maji safi, maji ya kijivu ya sinki na bafu, na tangi jeusi la choo. Vali ya tangi jeusi ifungwe muda wote mkiwa kambini. Ukiiacha wazi, maji yanakimbia, kinyesi kinabaki kimeganda chini, na hapo mtajuta. Subirini lifike theluthi mbili, vaa glavu, fungua jeusi kwanza, kisha la kijivu ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Zamu ya kazi hii ipangwe mapema, maana hakuna anayejitolea.

Sasa rivasi. Ugomvi wa kwanza wa safari huzuka hapa: jioni, wote mmechoka, majirani wamekaa kwenye viti vyao wanatazama. Mmoja awe dereva, mwingine utingo, na utingo ndiye mwenye amri. Asimame mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Akipotea kiooni, dereva afunge breki palepale. Msiseme kulia wala kushoto, kwa sababu mkiangaliana kulia kwako ni kushoto kwake. Semeni "upande wa dereva" na "upande wa abiria". Na utingo atazame juu pia, matawi hayana huruma na kiyoyozi cha paani. Jizoezeni Jumapili kwenye maegesho matupu, halafu badilishaneni nafasi. Anayejua kazi ya mwenzake hapayuki ovyo.

Pimeni kimo cha gari pamoja na hicho kiyoyozi, mkiandike kwa kalamu nene mbele ya dereva. Ramani ya kawaida ya simu haijui kimo cha gari lenu, na barabara za parkway kule New York, zilizojengwa kwa magari madogo, zina madaraja ya kupita chini yake yasiyo na kimo cha kutosha.

Mkivuka Colorado kwa I-70 mtapita handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari. Mteremko unaofuata ni mrefu. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ikushikie mwendo. Ukikanyaga breki mfululizo zitachemka.

Matairi msiyaamini kwa kuangalia kashata tu. Tafuteni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la RV huzeeka likiwa limeegeshwa.

Mafuta pigeni hesabu mapema. Gari linalokwenda maili 8 kwa galoni litakunywa galoni 300 kutoka Ohio hadi California. Mnaweza kufidia kwenye malazi: ardhi nyingi ya serikali iliyo chini ya BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma, huko magharibi inaruhusu kulala bure, kwa kawaida siku 14 ndani ya siku 28, ila hakuna bomba wala umeme.

Jambo jingine, humo ndani hakuna chumba cha kununia. Chukueni viti viwili vya kukunja, na mwenzio akitoka kukaa nje peke yake, mpe nusu saa yake. Usimfuate na swali la chakula.