Mninga wa Urambo kwenda Ulaya: barua ya kijiji haitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama barua ya mwenyekiti wa kijiji inatosha kupeleka mbao za mninga toka Urambo, Tabora, mpaka kwa mteja wako Ujerumani. Haitoshi kabisa, utapoteza mtaji. Kwanza upate leseni ya kuvuna ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), magogo yagongwe alama ya nyundo ya watu wa misitu, na kila lori liwe na TP yake, yaani hati ya kusafirishia mazao ya misitu, mi nilishakwama geti la ukaguzi siku nzima sababu TP iliandika vipande 210 na wao wamehesabu 214, vipande vinne tu! Hiyo ni ya ndani. Ya nje ndo wengi hawaijui: mkutano wa 2022 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliuingiza mninga wetu Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali tu, na mti wa mkongo pia, kwahiyo unahitaji kibali cha CITES kabla haujatoka nchini, na mteja wa Ulaya sheria za kwao zinamtaka ahakikishe mti ulikatwa kihalali, atakudai karatasi kuanzia kwenye kisiki. Piga picha alama ya nyundo kwenye kila gogo kabla halijapasuliwa. Mninga unakomaa taratibu sana jamani, na misitu yetu ya Tabora inaisha tukiona. Anzia ofisi ya misitu wilayani, advansi usimpe mtu kwanza.