Uvimbe usiouma: kwa matabibu wapya mnaokuja Turkana

Kosa langu kubwa nikiwa mgeni huku lilikuwa la sindano moja. Mchungaji alikuja na uvimbe pajani, mkubwa kama embe, umekaa miaka miwili, hauumi wala hauna joto. Nikaandika "jipu" kwenye kadi, nikashika sirinji. Badala ya usaha yakaja maji maangavu kama ya chemchemi. Nikiwa bado nayashangaa, mgonjwa akaanza kujikuna, ngozi ikamfura mabaka, presha ikaporomoka. Adrenalini ndiyo iliyomrudisha. Muuguzi mkongwe wa zamu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Daktari, ulimuuliza kama kwao kuna mbwa?"

Ilikuwa hidatidi, kifuko cha tegu wa mbwa. Mbwa hula ini au pafu la mbuzi lenye vifuko, tegu wakakomaa utumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi, na mtu akayameza. Vifuko vingi hukaa kwenye ini, vinavyofuata mapafuni, ndiyo maana kikijitokeza shingoni, kwenye titi au nyuma ya jicho, akili haiendi huko.

Kwa hiyo uvimbe uliokua polepole kwa mtu aliyelelewa kati ya mbwa na mifugo hauguswi na sindano kabla ya altrasaundi. Tafuta ukuta wenye mistari miwili, vifuko vidogo vilivyojipanga ndani ya kikubwa kama sega la asali, au utando uliobanduka ukawa unaelea. Ukikiona pajani, panda na tumboni, kisha piga eksrei ya kifua. Mchungaji wangu alikuwa na kingine kwenye ini, na hakijawahi kumsumbua hata siku moja. Kipimo cha damu kikirudi hasi usikitegemee, hasa kifuko kikiwa nje ya ini.

Dawa ni albendazoli, lakini si kile kidonge kimoja cha minyoo tunachogawa shuleni. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili kwa siku, kwa miezi. Mgonjwa aimeze na chakula chenye mafuta, la sivyo kiasi kikubwa hakifyonzwi. Maziwa yasiyoenguliwa yanafaa. Pima ini na chembe nyeupe za damu mara kwa mara, na muulize mwanamke kama ana mimba kabla ya kuandika.

Kifuko cha msulini mara nyingi hutolewa kizima na mpasuaji, dawa ikitangulia na kuendelea baadaye. Kikipasuka, kila tone lililomwagika linaweza kuota kifuko kipya. Cha mfupani ndicho kinachoniogopesha zaidi: hakina ganda la kukizuia, kinatafuna ndani kwa ndani kama mchwa kwenye boriti, na eksrei yake hudhaniwa saratani. Hicho, pamoja na cha ubongo, cha moyo na cha jicho, mpe rufaa mapema.

Halafu kuna ufuatiliaji, miaka kadhaa. Ukimwambia mchungaji "rudi baada ya miezi sita", mifugo itakuwa imeshahama. Mimi huandika namba mbili za simu: yake, na ya mwenye duka anakochajia.